Nimechungulia tundu la bunduki Mashoti
Jumamosi tulifika ngome ya Mashoti, karibu na Maktau, Taita Taveta. Kuta za mawe zimebaki, na matundu ya bunduki bado yapo. Nilichungulia moja, nikaona vichaka tu hadi macho yalipogota. Humo ndimo zilimopita doria za Wajerumani kwa miguu, wakitoka Taveta waliyoiteka Agosti 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, wamebeba baruti za kulipua reli ya Uganda, ile ya Mombasa hadi Kisumu. Waingereza wakajenga ngome, na 1915 wakatandika reli nyingine kutoka Voi hadi Maktau.

Luteni Wilbur Dartnell wa jeshi la Waingereza aliuawa karibu na Maktau, 3 Septemba 1915, alipokataa kuwaacha majeruhi. Kaburi lake liko Voi. Wapagazi wetu wengi waliokufa vita ile hawakuandikiwa hata jina. Imeniuma njia nzima.