Kupanda Meli ya Kitalii Miami: Nani Hutangulia na Kwa Nini

Saa kumi na mbili asubuhi meli yetu ilikuwa imeshafunga gati, ila haikuwa yetu bado. Niliitazama kutoka ng'ambo ya maji, upande wa Bayfront Park, imelala ubavuni mwa Dodge Island, kisiwa cha bandari, taa zake zote zikiwaka. Humo ndani walikuwa bado maelfu ya abiria wa safari iliyokwisha, wakinywa chai ya mwisho. Anayetaka kuielewa foleni ya kupanda na aanze na hao wanaoshuka. Nani aingie mapema, nani apate kiti, nani asimame juani: yote hutegemea kasi yao.

Watu wa bandarini wanangoja neno moja tu, sifuri. Abiria anaposhuka, kadi yake husomwa na mashine mlangoni. Hesabu ikifika sifuri, na maofisa wa forodha na uhamiaji wa Marekani wakaridhika, ndipo upandaji unapoanza. Familia moja iliyopitiwa na usingizi, au abiria mmoja mwenye pasipoti ya kigeni aliyeitwa na maofisa asitokee, inatosha kuwazuia wote walioko nje. Ndiyo maana asubuhi hiyo vipaza sauti vya meli hutaja majina ya watu tena na tena, kwa sauti inayozidi kupungukiwa upole. Ukungu nao ukifunga njia ya kuingilia bandarini, jambo linalojulikana sana Galveston kule Texas wakati wa baridi, meli huchelewa gati na saa zote husogea. Vivyo hivyo ikiwa safari iliyopita ilikuwa na mlipuko wa kuhara na kutapika, maana vyumba na vishikio vya ngazi lazima vifutwe kwa dawa kimoja kimoja. Ukipata ujumbe kwenye simu kwamba muda wako umesogezwa, usiende bandarini kujionea mwenyewe. Hakuna cha kuona ila ukuta.

Siku hiyo sifuri ilipatikana saa nne na robo.

Wa kwanza kuingia hawakutoka mjini. Walitoka ndani ya meli ileile: abiria waliolipia safari mbili mfululizo. Hao nao lazima washuke, hata kama masanduku yao yamebaki chumbani, kwa sababu bila wao kutoka sifuri haipatikani. Hukusanywa kwenye ukumbi mmoja, hupewa kadi za wapitaji, huteremshwa kwa kundi mpaka kwa maofisa wa uhamiaji, kisha hurudishwa ndani kabla ya mtu mwingine yeyote. Aliyelipa maelfu ya dola kwa chumba chenye piano huwaona wakimpita na kudhani amedhulumiwa. Hakudhulumiwa.

Baada yao hufuata wanaohitaji msaada wa kutembea, wenye vyumba vya daraja la juu kabisa, wateja wa miaka mingi, na walionunua haki ya kutangulia pale kampuni inapoiuza. Mpangilio hutofautiana kidogo kati ya kampuni na kampuni. Ukongwe huhesabiwa kwa usiku uliolala baharini. Kwa kampuni ya Royal Caribbean, kwa mfano, usiku mmoja katika chumba cha kawaida ni pointi moja. Daraja la Diamond huanzia pointi 80, na la juu kabisa, Pinnacle, ni 700. Waliofika huko ni wachache, lakini katika bandari kama Miami hawakosekani, na wengi wanafahamiana na mabawabu kwa majina.

Sisi tuliobaki tunakwenda kwa saa tulizochagua wenyewe, na hapa ndipo watu wengi hupoteza nafasi bila kujua. Usajili wa mtandaoni hufunguliwa siku maalumu: Royal Caribbean kwa kawaida siku 45 kabla ya safari, Carnival siku 14 kwa abiria wa kawaida. Saa za mwanzo huisha siku ileile, nyingine ndani ya dakika chache. Kwa Royal Caribbean mlango hufunguka usiku wa manane kwa saa za Mashariki ya Marekani, yaani saa moja asubuhi Nairobi na Dar es Salaam wakati wa kiangazi cha huko, na saa mbili wakati wa baridi. Kama una ndugu nyumbani anayeamka mapema, mpe kazi hiyo na wewe ulale. Awe na picha ya pasipoti yako, picha yako ya uso bila miwani na nyuma kweupe, namba ya kadi ya benki na jina la mtu wa kuarifiwa ikitokea dharura. Fomu ikikosa kimoja, hufiki kwenye ukurasa wa kuchagua saa.

Hapo tahadhari moja ya Waswahili. Programu ya kampuni kwenye simu inaandika 10:30, sisi tunasema saa nne u nusu. Meli inaondoka 16:30, sisi tunasema saa kumi na nusu. Katika kundi la watu wa nyumbani, ujumbe wa sauti unaosema "tukutane saa kumi na nusu" unaweza kumfikisha mtu mmoja gatini asubuhi na mwingine meli ikikata kamba. Andikeni kwa tarakimu, za saa ishirini na nne.

Saa uliyopewa ni ya kufika mlangoni, si ya kuingia melini. Ukifika mapema zaidi, kwa kawaida unarudishwa pembeni kungoja, na jua la Miami mwezi wa saba halina huruma kwa bibi wala kwa mtoto. Ukichelewa kwa saa moja hakuna neno, unaingia na kundi lililopo. Kinachoogopwa ni saa ya mwisho. Sheria ya Marekani inataka orodha kamili ya waliomo melini iwafikie maofisa si chini ya dakika 60 kabla ya kuondoka, kwa hiyo kampuni hufunga usajili mapema kuliko hapo. Yetu ilifunga saa tisa alasiri kwa meli ya saa kumi na nusu. Anayekuja dakika tano baadaye anaiona meli kwa macho yake, ndefu kama mtaa, mlango uko wazi, na hapandi. Kwa sababu hiyo, anayetoka mji mwingine kwa ndege alale Miami usiku wa kuamkia safari.

Kisiwani unaingia kwa daraja, au kwa njia ya chini ya bahari iliyofunguliwa mwaka 2014 kutoka Watson Island. Dereva hahitaji jina la meli, anahitaji herufi ya jengo la abiria, kwa sababu majengo yamepangwa kando ya kisiwa na kurudi nyuma ukishapitiliza ni foleni nyingine. Angalia herufi siku ya safari yenyewe, kwani huweza kubadilishwa. Na hakikisha kwanza bandari: Port Everglades iko Fort Lauderdale, mwendo wa zaidi ya nusu saa kaskazini, na kila mwishoni mwa juma kuna waliopanda teksi ya kwenda isiko.

Mlangoni wapagazi wanachukua masanduku. Dola moja au mbili kwa sanduku ndiyo desturi. Lebo ya karatasi uliyochapisha nyumbani ikunjwe mara nne, ifunikwe kwa gundi ya plastiki pande zote na kubanwa kwa pini za stepla mkononi mwa sanduku. Lebo hiyo ndiyo inayobeba namba ya chumba na sitaha. Ikichanika ndani ya vizimba vya chuma vinavyopandisha mizigo, sanduku lako linabaki bila mwenyewe mpaka usiku, kwenye ukumbi ambako utakwenda kulitafuta pamoja na wenzako wa bahati mbaya. Weka karatasi nyingine yenye jina na namba ya chumba ndani ya sanduku.

Begi la mkononi ndilo la kufikiria vizuri. Hutaliona sanduku kabla ya alasiri, pengine saa mbili usiku. Dawa, pasipoti, chaja, nepi, nguo za kuogelea, na kanzu au gauni la jioni kama unataka kuketi mezani mapema, vyote viwe mkononi. Mizigo yote hupitishwa kwenye eksirei. Visivyoruhusiwa ni pamoja na mishumaa, birika la umeme, jiko dogo, na pasi. Ndiyo, lugha yetu inataka uje na pasi na usije na pasi: ile ya kusafiria ni lazima, ile ya kunyoosha nguo inazuiwa kwa hofu ya moto. Waya wa kuongezea plagi wenye kinga ya umeme nao hukamatwa, na sababu yake ni ya kifundi. Katika umeme wa meli nyingi, nyaya zote mbili zina moto, tofauti na nyumbani ambako mmoja hauna. Kinga iliyotengenezwa kwa ajili ya nyumba huweza kupata joto na kuwaka. Sanduku lenye kitu cha namna hiyo haliji chumbani. Linawekwa kando hadi uje ulifungue mbele ya askari.

Dawati la hati ndilo linalotenganisha watu, na ndilo sababu ya mimi kutaka saa za mwanzo kila mara. Raia wa Marekani mwenye pasipoti hupigwa picha na mashine, sura ikalingana, akapita bila kusimama. Sisi wenye pasipoti za Kenya, Tanzania, Uganda au Kongo mara nyingi tunaelekezwa kwenye dawati la pembeni, ambako mhudumu anasoma viza ukurasa kwa ukurasa. Anachotafuta si kama unaweza kutoka Marekani. Anatafuta kama utaweza kurudi, maana meli ikikuleta bila haki ya kuingia, mzigo unaiangukia kampuni. Safari ya siku nne kwenda Bahamas na kurudi ni kutoka nchini na kuingia upya. Viza ya kuingia mara moja, ikishatumika, kwa kawaida haikurudishi. Unazuiwa pale pale, na tiketi kwa kawaida hairudishwi. Mwenye kadi ya ukaazi aje nayo yenyewe, picha kwenye simu haitoshi, na aje na pasipoti pia. Jina kwenye tiketi lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi. Mke aliyekata tiketi kwa jina la mume na pasipoti ikabaki na jina la baba yake aje na cheti cha ndoa.

Watu wengine hukwama hapo kwa sababu ambazo hakuna aliyewaambia. Kampuni kubwa hazipandishi mtoto wa chini ya miezi sita, na kwa safari ndefu za kuvuka bahari, chini ya mwaka mmoja. Mjamzito atakayeingia wiki ya 24 wakati wowote wa safari hapandi, hata akijihisi mzima, na aliye chini ya hapo aje na barua ya daktari. Kadi ya benki ya kutolea akiba nayo ina mtego wake. Meli huzuia fedha kila siku kwa ajili ya matumizi, na zuio huweza kubaki siku kadhaa baada ya safari, wakati kodi ya nyumba inadaiwa. Tumia kadi ya mkopo au weka fedha taslimu.

Ukumbini tuliketi dakika ishirini, makundi yakiitwa kwa namba. Kisha daraja la kupandia, mteremko mrefu wa kioo na zulia, na mlio mmoja wa mashine mlangoni. Tumo.

Wengi hukimbilia lifti kwenda bafe ya juu, na hapo foleni waliyoiepuka bandarini wanaikuta imewangoja na sahani mkononi. Mimi kwanza huenda kwenye kituo cha kukusanyikia, kile kilichoandikwa kwenye pasi ya kupandia meli. Siku hizi katika meli nyingi unatazama video ya usalama kwenye simu, unasikiliza mlio wa hatari, yaani saba mifupi na mmoja mrefu, halafu unafika kituoni kusomwa na mashine. Saa tano asubuhi inachukua dakika tatu. Saa tisa utajipanga na nusu ya meli. Usilione zoezi hilo kama usumbufu wa makaratasi. Meli ya kitalii Costa Concordia ilipogonga mwamba Italia, tarehe 13 Januari 2012, abiria karibu 700 waliokuwa wamepandia bandari ya Civitavecchia jioni hiyo walikuwa hawajafanya zoezi, kwa sababu kanuni iliruhusu lifanyike ndani ya saa 24 baada ya kupanda. Watu 32 walikufa. Kuanzia Januari 2015 kanuni ya kimataifa inataka lifanyike kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka.

Kilichobaki ni kula. Uliza kama ukumbi mkuu wa chakula uko wazi mchana. Ukiwa wazi, una viti na wahudumu na nusu ya kelele. Ni saa hii pia ya kuweka nafasi za maonyesho. Vyumba havifunguliwi mpaka saa saba au saa saba na nusu, na milango ya kuzuia moto ya korido hufungwa ili wasafishaji wamalize. Kwa hiyo aliyeingia wa kwanza na aliyeingia wa elfu moja wanaliona shuka lao saa ileile. Kifurushi cha kulipia cha kupanda mapema kina maana pale tu kinapokupa na chumba mapema na mizigo mapema. Kikikupa foleni fupi peke yake, saa nne u nusu ya bure iliyochaguliwa siku ya kwanza inakupa karibu yaleyale.

Saa tisa na nusu vipaza sauti vilianza kutaja vyumba ambavyo watu wake hawajaonekana kituoni. Saa kumi na dakika arobaini kamba zilitolewa. Meli ilipita kati ya Fisher Island na South Pointe, watu wa ufukweni wakipunga mikono, kisha nje ya mkondo mashua ndogo ikaja ubavuni kumchukua rubani wa bandari aliyeiongoza meli kutoka. Masanduku yetu mawili yalikuwa yameshafika mlangoni. La tatu, lililokuwa na lebo isiyofunikwa, lilikuwa bado chini.