Siku moja maishani mwangu: apatimenti tatu Nzuguni, msimu wa Bunge

Watu wakisikia napangisha nyumba kwa siku wanajua kazi ni kukabidhi ufunguo na kusubiri hela iingie. Naandika hapa Jumanne yangu moja ya mwezi wa tano ilivyokwenda toka alfajiri mpaka usiku, na sababu kubwa ni kwamba kuna kitu kinatugusa wenye nyumba wengi wa Dodoma na hatukiongelei vya kutosha, namna mitandao ya kubuku inavyoamua nyumba ya nani ionekane kwanza mgeni akiandika "Dodoma". Nina apatimenti tatu kwenye kiwanja kimoja Nzuguni, si mbali na stendi kuu ya mabasi, na hizo ndo zinanilipia kodi, zinalisha nyumba yangu na zinamlipa mama mdogo anayefanya usafi.

SAA 11 ALFAJIRI

Naamka kuangalia simtanki. Mwezi wa tano mvua zimeshakata, na huku kwetu maji yakitoka usiku unayakinga usiku huohuo, usisubiri asubuhi. Nawasha pampu, narudi kukaa na simu.

Kuna mgeni kaniandikia saa saba usiku anauliza kama geti linapitisha Land Cruiser mbili. Namjibu palepale, namwambia geti ni pana na gari tatu zinalala ndani. Huwa sisubiri kukuche vizuri, maana mgeni akiuliza huwa kauliza nyumba nne au tano kwa mpigo, anayejibu wa kwanza ndo anachukua, na mbali na hilo mitandao inahesabu. Airbnb kwa mfano ukitaka hadhi ya Superhost, yani mwenyeji bora, lazima uwe unajibu angalau asilimia 90 ya meseji mpya ndani ya saa 24, wastani wa nyota usishuke chini ya 4.8, na usiwe mtu wa kufuta bukingi za watu. Wanakagua kila miezi mitatu, na ukaguzi unaofuata kwangu ni Julai 1, yani mara tu Bunge la bajeti likiisha. Kwa hiyo kila mgeni ninayempokea kati ya Aprili na Juni ana uzito wake.

SAA 1 ASUBUHI

Mgeni wa chumba namba mbili anatoka, kaka mmoja wa ofisi ya serikali kaja kikazi toka Arusha, anasubiri dereva ampeleke Mtumba. Namuuliza alilalaje, tunaongea pale getini, afu ananiambia kitu kimenikaa kichwani siku nzima:

"Dada, mi nyumba yako ningeikosa kabisa. Niliandika Dodoma ikaniletea za mjini tu, Area C, Area D, Makole. Bila mwenzangu wa ofisini kunitumia linki nisingejua hata kama Nzuguni kuna nyumba. Na mi ofisi nnayoenda ipo Mji wa Serikali, huku ndo njiani!"

Nikamwambia asante sana kaka, umenisaidia kuliko unavyodhani. Gari ikaja akaenda.

SAA 2 ASUBUHI

Nachukua simu ya mdogo wangu, ambayo haijawahi kuingia kwenye akaunti yangu, natafuta Dodoma kama mgeni. Hili nawashauri wenzangu wote, usijitafute kwa simu yako mwenyewe maana unaweza kuona vitu tofauti na anavyoona mgeni asiyekujua, utajipa moyo bure.

Kweli bana. Kuna mtandao mmoja, sitautaja, umebadilisha ukurasa wa kutafutia mwaka huu na toka hapo watu wanaoona tangazo langu wamepungua sana, nyumba ni ileile, picha zilezile, maoni ya wageni yaleyale. Ramani inafunguka ikiwa katikati ya mji, Nzuguni iko pembeni kabisa mashariki, mgeni asiposogeza ramani kwa kidole hanioni. Na hata akisogeza, nyumba zingine zinatokea na bei zimeandikwa juu yake, yangu ni kidoti tu kisicho na kitu.

Hiki kitu cha kidoti hakijatokea bahati mbaya. Mwaka 2024 wahandisi wa Airbnb walichapisha utafiti wao kuhusu ramani, wakaeleza kwamba kwenye orodha macho ya mtu yanashuka toka juu kwenda chini, ila kwenye ramani hakuna wa kwanza wala wa mwisho, mtu anabonyeza popote, kwa hiyo mfumo unachagua nyumba chache ambazo unaona mgeni ana uwezekano mkubwa wa kuzibuku, hizo zinapewa pini yenye bei na zinazobaki zinakuwa alama ndogo. Kwa mgeni ni afadhali, hachanganyikiwi. Kwa mwenye nyumba maana yake ni kwamba kuwepo kwenye ramani na kuonekana kwenye ramani siku hizi ni vitu viwili.

Na mfumo unaijua Dodoma kama mji wenye katikati yake. Haujui kwamba wizara zimehamia Mtumba, kama kilomita 17 hivi toka mjini, na kwamba mtu anayelala Area D kila asubuhi anapita Nzuguni hiihii kwenda kazini. Huo ndo ukweli wa Dodoma ya sasa. Ramani haiwezi kuusema, kwa hiyo inabidi niuseme mwenyewe kwenye tangazo, nikabadilisha kichwa palepale nikaandika "Nzuguni, barabara ya kwenda Mji wa Serikali Mtumba, karibu na stendi kuu", na picha ya pili nikaweka ya barabara kuu ilivyo karibu, kabla hata ya picha ya kitanda.

SAA 4 ASUBUHI

Mama mdogo kafika. Mbukwa, mbukwa, tunasalimiana kwa Kigogo, anaingia chumba namba moja na mi namfuata na siki na limau.

Maji yetu yana chumvi, mtu wa Dodoma hahitaji kuambiwa. Birika la umeme likitumika wiki moja tu chini linaota ukoko mweupe, na bomba la mvua la bafuni matundu yanaziba moja moja mpaka maji yanaruka pembeni badala ya kushuka. Tunamimina siki kwenye birika, tunachemsha, tunaacha dakika kumi, tunasugua na kipande cha limau, tunasuuza mara mbili harufu iishe. Bomba la mvua tunalifunga mfuko wa nailoni wenye siki ndani, tunalikaza na mpira, linakaa hivyo mpaka tumalize kutandika. Kila mgeni akitoka, sio mara moja kwa mwezi.

Najua unajiuliza birika linahusiana nini na mambo ya kutafuta mtandaoni. Linahusiana sana. Mwezi uliopita mgeni aliandika "kila kitu kizuri sana, mwenyeji mkarimu, birika lina uchafu mweupe", akaweka nyota nne. Haukuwa uchafu, ila yeye angejuaje? Na nyota nne kwake ilikuwa sifa, maana sisi tumekua tunajua kidato cha nne ukipata 75 hiyo ni A, sasa nne kwa tano ni 80, mtu anakupa A yako anaondoka na roho nyeupe. Kumbe kule 4.8 ndo mstari, na nne ni shimo ambalo unahitaji nyota tano kadhaa kulifukia. Siku hizi kwenye kadi ya kukaribisha nimeandika kuhusu chumvi ya maji, na mgeni wa kwetu akiwa anaaga namwambia kwa adabu tu, kama umeridhika, tano ndo alama ya kuridhika. Simuombi anidanganyie, namweleza mizani inavyosoma.

SAA 7 MCHANA

Nimekula wali maharage na mchicha, afu mzee jirani akaja. Ni mstaafu, ana apatimenti mbili mtaa wa pili, na yeye bukingi zake zimepanda wakati zangu zinashuka, tumekuwa tunalijadili hilo bila ugomvi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Umepata jibu la lile jambo letu?"

Tukakaa na daftari. Mi bei yangu ilikuwa 70,000 kwa usiku, na ada ya usafi 25,000 mara moja. Yeye 85,000 kwa usiku, ada ya usafi hana. Zamani mgeni alikuwa anaona 70,000 na 85,000, ananibonyeza mimi, ada anakutana nayo mbele ya safari. Ila mambo yamegeuka, Airbnb tangu Aprili 2025 dunia nzima inamwonyesha mgeni bei yote pamoja na ada kabla ya kodi, toka pale anapotafuta, na Marekani kwenyewe ilishakuwa kanuni ya serikali toka Mei 2025 kwamba malazi yasifiche ada. Sasa mgeni wa usiku mmoja (achana na ada ya mtandao kwanza) anaona mi 95,000 na mzee 85,000. Nimegeuka wa gharama.

Lakini angalia mgeni wa usiku nne: mi 305,000, mzee 340,000. Hapo nampita mbali. Hata usiku mbili tu, mi 165,000 na yeye 170,000.

Mzee akasema, "Basi wakatae wa usiku mmoja, weka usiku mbili kwenda juu."

Nililifikiria, ila shida ni kwamba ukiweka kima cha chini usiku mbili, mgeni anayetafuta usiku mmoja hakuoni kabisa, hata kidoti. Na wageni wa usiku mmoja wameongezeka toka SGR ianze 2024, treni ya haraka Dar mpaka hapa ni kama saa tatu na nusu, mtu anakuja jioni, kikao asubuhi, mchana karudi zake. Siwezi kuwafungia mlango wakati ndo wanaongezeka.

Mwisho nikaandika hivi: 75,000 kwa usiku, usafi 10,000. Usiku mmoja unakuwa 85,000, sawa na mzee. Usiku mbili 160,000. Usiku nne 310,000. Kwa mgeni wa usiku mmoja napoteza 10,000, kwa mgeni wa usiku nne napata 5,000 zaidi ya zamani na bado niko chini ya jirani. Mama mdogo analipwa 15,000 kila chumba anachosafisha na hiyo haiguswi, ada ikishuka kwenye skrini mkono wake haujapungua kazi. Kuna wenzetu wamekata malipo ya dada wa usafi ili bei ivutie mtandaoni, na hilo nasema wazi sio sawa.

SAA 9 ALASIRI

Bajaji mpaka soko la Job Ndugai, sabuni, tishu, mtungi wa gesi, balbu mbili. Narudi.

SAA 11 JIONI

Mgeni mpya, mama wa makamo na binti yake anayesoma UDOM, wametoka Singida na basi. Shikamoo mama, karibuni, nawapokea begi. Binti anauliza waifai kabla hajakaa, namwonyesha nywila ukutani. Nawaeleza maji ya kunywa yapo kwenye dispensa, ya bombani ni ya kuogea, na luku ipo ya kutosha. Mama anauliza kama jikoni kuna sufuria ya ugali na mwiko. Upo mwiko. Akafurahi mpaka nikafurahi na mimi.

SAA 2 USIKU

Sasa kazi nnayoiona ni muhimu kuliko zote, kalenda ya bei.

Mitandao inakuletea mapendekezo, wiki hii panda, wiki ile shuka, na ina kifaa cha kupanga bei chenyewe ukiruhusu. Kwenye Airbnb ukigusa bei ya wikendi ujue inahesabu usiku wa Ijumaa na Jumamosi, kwa mantiki kwamba hapo ndo watu wanasafiri. Kwa Zanzibar sawa, kwa Bagamoyo sawa. Dodoma ni kinyume! Hapa Jumatatu mpaka Alhamisi ndo tumejaa, vikao, kamati, semina, na Ijumaa ikifika saa kumi jioni wanaokwenda Dar wameshaondoka kuwahi treni. Ukipandisha Ijumaa unakaa na nyumba tupu, na nyumba isiyobukiwa mfumo unaiona haipendwi, ndo inazidi kushuka kwenye orodha, mpaka Jumatatu yenye watu ikifika umeshasukumwa chini. Nimewaona wenye nyumba Ipagala na Kisasa wanalia na mtandao kumbe wanauziwa kalenda ya ufukweni.

Kwa hiyo nimepanga kwa ratiba ya huku. Katikati ya wiki mpaka Bunge liishe mwisho wa Juni, 75,000. Ijumaa na Jumamosi 58,000, na kwenye maelezo nimegusia mnada wa Msalato Jumamosi, kuna watu wa nyama choma watakaokubali kulala. Julai nashuka kidogo wiki nzima. Wiki ya kwanza ya Agosti ndo yangu, viwanja vya Nanenane viko hukuhuku Nzuguni na wageni watakuwa wengi kuliko vitanda, hapo nimeweka 95,000 na kima cha chini usiku mbili, maana wakati huo hakuna anayetafuta usiku mmoja. Mahafali ya UDOM nitaweka tarehe zikitangazwa.

Nimehifadhi, nikachukua tena simu ya mdogo wangu, nikatafuta Dodoma, Jumatatu hadi Alhamisi ya wiki ijayo, watu wawili. Ramani bado imefunguka mjini. Nikasogeza kidole kuelekea Nzuguni, nikasoma bei juu ya pini ya mzee, 255,000, na pembeni yake yangu safari hii imeandikwa, 235,000.