Usiku Tom Cruise alipokosekana Manzese

Mwaka 2006 ule wa mgao, waliokuwepo wanaukumbuka, maji yamepungua bwawa la umeme la Mtera huko na sisi Dar umeme unakatika asubuhi unarudi watu washalala. Mjomba wangu alikuwa na kibanda umiza Manzese, banda la kuonyeshea video, kinaendeshwa na jenereta la kichina ambalo kelele zake zilikuwa zinaizidi spika. Kiingilio shilingi 100, watoto kwenye mkeka, wakubwa kwenye mabenchi. Mimi nilikuwa form two na nilikuwa naingia bure kwa sababu ndo nilikuwa naandika ubao wa nje, mwandiko wangu ulikuwa unasomeka.

Hiyo siku nikaandika TOM CRUISE, WAR OF THE WORLDS, MPYA, SAA 2 USIKU. Mpya kwa Manzese, mana kwa wenzetu ilikuwa imetoka Juni 2005. Mjomba aliitoa Kariakoo, kava fotokopi ya rangi, sura ya Tom Cruise imejaa pale mbele, nani angebisha? Watu wakajaa mpaka mlangoni.

Deki ikawashwa. Tukaona mabwana wa kizungu wa kizamani, kofia kichwani, magari ya farasi, kina mama na magauni yanaburuza chini. Watu wametulia wanasubiri. Mara jamaa mmoja mwenye masharubu akaanza kutembea, anatembea weee, na hayo masharubu yenyewe utadhani yamegundishwa dakika tano kabla ya kushuti. Huko nyuma ikasikika sauti: "Tom yuko wapi?" Kimya. "Mzee, rudisha hela zetu!"

Nilikuja kujua baadae sana kilichotokea. Riwaya yenyewe, ya Mwingereza H.G. Wells, inahusu viumbe wa Mars wanaovamia dunia, na ni ya 1898, Marekani hakimiliki yake ilishaisha zamani kwa hiyo mtu yeyote kule alikuwa anaweza kuitengenezea filamu, na Spielberg, mwongozaji wa ile ya Tom Cruise, hakuwa peke yake. Mwaka huo huo wa 2005 zikatoka tatu: ya Spielberg, moja aliyocheza C. Thomas Howell iliyoenda moja kwa moja kwenye DVD, na hii tuliyowekewa sisi, ya mwongozaji Timothy Hines, nayo ya DVD tu, inakaribia masaa matatu. Zote jina lile lile. Sasa muuzaji wa Kariakoo anachoma CD usiku kucha, atajuaje ipi ni ipi, au labda alijua.

Mwenye mtihani alikuwa binamu yangu, mtoto wa mjomba, maana yeye ndo alikuwa anashika maiki kutafsiri. Kawaida anaiangalia picha mchana kwanza ndo usiku anaimwaga kwa kiswahili, lakini mchana umeme haukuwepo na mjomba hawezi kuchoma petroli kwa ajili ya mazoezi. Hajui lolote. Akaokota maiki, "Tulieni wadau, huyu ndo babu yake Tom Cruise, mjukuu yuko njiani anakuja." Watu wakacheka, wakampa muda.

Mimi nikaanza kuona vitu navijua. Shimo uwanjani Horsell, pembeni ya mji wa Woking, mdude wa chuma umedondoka kutoka angani, mfuniko wake unazunguka taratibu unajifungua kutokea ndani. Hicho kitabu nilikisoma, kile chembamba kilichofupishwa kwa wanafunzi, kilikuwa maktaba ya shule hakina kava. Nikamwambia binamu, sa hivi wale wanaoenda na bendera nyeupe wanachomwa wote. Wakachomwa, wakabaki mifupa imesimama inaungua, grafiki mbovu mno, watu wakapiga kelele "katuni hiyo!" lakini binamu hakujali, alinivuta shati akanikalisha juu ya dumu la petroli pembeni yake. "Dogo, unaijua hii?" Naijua yote. "Haya, nong'ona."

Basi nikawa nanong'ona yeye anamwaga. Mitambo ya miguu mitatu, moshi mweusi, padri anayechanganyikiwa. Jamaa akianza tena kutembea, na alitembea kweli, sijawahi kuona filamu mtu anatembea vile, binamu anasema "bado anatembea, hana nauli." Kasheshe ikawa kwa mdogo wake huyo jamaa wa masharubu, aliyeko London, maana mwigizaji ni mmoja anacheza wote wawili, mimi nasema huyu ni mdogo mtu, watu wanagoma, "ni yule yule!" Lakini ilipofika manowari ya Thunder Child inakwenda kuigonga ile mitambo baharini ili meli ya abiria ipate kukimbia, binamu akasimama kabisa, anaita manahodha, anahesabu mizinga, ile meli ya kompyuta ya hovyo watu wakaishangilia wamesimama.

Sasa mjomba petroli aliipigia hesabu ya picha ya Tom Cruise, dakika 116. Hii inakaribia 180. Magugu mekundu yameshatapakaa London, jenereta likakohoa likazima. Waliobaki wakagoma kutoka, wanataka mwisho, nikausimulia kwa mdomo: maelieni, wale viumbe wa Mars, wote wanakufa, wanauliwa na vijidudu vya kawaida ambavyo sisi miili yetu imeshavizoea. "Mafua?" Sio mafua tu, vijidudu. Mzee mmoja akasema wangeshukia Manzese wasingemaliza wiki, malaria tu.

Baadae mjomba akaipata yenyewe ya Tom Cruise. Nikapewa dumu langu tena. Nikanong'ona sa hivi linadondoka dude kutoka angani, binamu akatangaza, ikapiga radi pale pale mara nyingi halafu mtambo ukatokea chini ya lami, eti ulizikwa zamani! Spielberg kahamishia New Jersey, padri hayupo, Thunder Child hayupo, kuna kivuko kinapinduliwa basi, na Ogilvy ambaye kitabuni ni mtaalamu wa nyota anayekufa mapema, huku ni Tim Robbins kajificha chini ya nyumba na bunduki. Binamu akafunika maiki na kiganja. "Dogo, nenda kakae na wenzako."

Nikamalizia mkekani. Ni picha kali, siwezi kudanganya, hasa ule mlio wa mitambo. Mwishoni Tom anafika Boston na mtoto, mlangoni wanatokea wazee wawili, Gene Barry na Ann Robinson, ambao ndo walikuwa mastaa wa ile ya 1953. Binamu hilo hakulijua, mimi pia, ila alilipuka kwenye maiki: "Si niliwaambia babu yake Tom yupo!" Kibanda kizima makofi. Wale ni wazazi wa aliyekuwa mke wake, wakwe zake, lakini mimi nilishafukuzwa kazi.