Soweto ya kwetu na ile ya kwenye Sarafina

Mi nimekulia Soweto. Soweto ya Mbeya lakini, hii ya upande wa Mwanjelwa, kwa hiyo msinicheke nikisema siku ya kwanza naona Sarafina, ile filamu ya wanafunzi wa Soweto ya Afrika Kusini, nlijua kabisa wameichezea mtaani kwetu, nikawa natafuta Mlima Loleza nyuma ya zile nyumba siuoni, nikasema hawa wameuficha makusudi.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 16 Juni 1995, Siku ya Mtoto wa Afrika, niko darasa la nne. Asubuhi tumeandamana na mabango, baridi ya Mbeya mwezi wa sita mnaijua, vidole havishiki hata fimbo ya bango, halafu mwalimu akatueleza kwamba siku hii ni ya wanafunzi wa Soweto walioandamana 1976 kukataa kufundishwa kwa Kiafrikaans wakapigwa risasi. Darasa zima tukaanza kuangaliana. Soweto si hapa? Mbona nyumbani hakuna aliyetusimulia?

Mwenye banda la video naye mjanja, mchana tu ubaoni kashaandika kwa chaki SARAFINA LEO, kiingilio shilingi hamsini. Nlikuwa nimetumwa chumvi. Chumvi ikasubiri.

Banda lenyewe la mabanzi, turubai limeziba mwanga, tivii ya chogo iko juu ya kreti za soda na jamaa kasimama pembeni anatafsiri. Huyo jamaa alikuwa anatafsiri kila kitu mpaka ambavyo hawajasema, ila nyimbo zikianza ananyamaza maana Kizulu hakijui, na nadhani hiyo ndo bahati yangu kubwa, kwamba sehemu pekee niliyoisikia ilivyo ni muziki. Besi inatembea mbele kama yenyewe ndo mwimbaji, tarumbeta zinaingia, wale wanafunzi na sare zao za shule wanaruka, ikifika Freedom Is Coming Tomorrow banda zima tunajua neno moja tu, tumoro, basi tunaipiga hiyo tumoro mpaka mabanzi yanatetemeka.

Mara nasikia mkono begani. Mjomba. Kaka yake mama, seremala, mtu wa fimbo, nikajua nimekwisha na chumvi sina. Kumbe kaingia kuangalia! Akatusogeza benchini akakaa, wimbo ukianza na yeye anaitikia, Kizulu hicho, sauti ya chini kabisa, watu wanageuka. Miaka ya 80 alikuwa fundi Mazimbu kule Morogoro, ANC, wale wapigania uhuru wa Afrika Kusini, walipojenga shule yao waliyoipa jina la mwenzao Solomon Mahlangu, akakaa nao miaka, nyimbo zao akaondoka nazo. Katikati ya picha akasema kwa nguvu, "Hii siyo sabini na sita hii." Mtafsiri akamwambia mzee tulia, wenzio wamelipa.

Njiani ndo akanieleza na sikumwelewa vizuri, mengine nimekuja kuyaunganisha ukubwani. Hadithi ni ya 1976 sawa, ila zile nyimbo Mbongeni Ngema alizitunga kwa ajili ya mchezo wa jukwaani wa 1987, Hugh Masekela akamsaidia, filamu ikaja 1992. Kwa hiyo unachokisikia pale ni Afrika Kusini ya miaka ya 80, mbaqanga, muziki wa dansi wa kule, iliyopita kwanza kwa waimbaji kina Mahlathini na Mahotella Queens miaka ya 60, ikazeeka, ikarudi imevaa nguo mpya. Vijana wenyewe wa Soweto mwaka ule wa 76 walikuwa wanapenda sana soul ya Marekani, hiyo kwenye picha huioni. Na ndo maana sikio langu la Mbeya liliipokea fasta, maana lilishazoea kina Yvonne Chaka Chaka na Brenda Fassie kwenye kaseti zinazoingia kutoka Zambia kupitia Tunduma, kila kinyozi wa Mwanjelwa anazo.

Akaniambia pia mbaqanga kwa Kizulu ni chakula cha mahindi, ugali wao mzito. Hilo peke yake ndo nlilolielewa siku ile, nikalirudia shuleni wiki nzima.

"Sasa mjomba, wamekosea?"

"Wakosee wapi? Mtu si anaimba na mdomo alionao."

Mi mpaka leo niko upande wake. Wangetafuta sauti ya 76 yenyewe tungepata makumbusho, na sisi pale bandani tungesinzia.

Nyumbani chumvi haikuulizwa maana mjomba kaingia anataka redio. Akatoa kaseti kwenye begi lake la misumari, aliirekodi Mazimbu kwenye kikao cha jioni, betri zimelegea tukaziweka karibu na jiko la mkaa zipate joto. Hakuna gita humo, hakuna tarumbeta. Sauti za watu tu, miguu inagonga chini, na mtu mmoja anakohoa. Wimbo wa taratibu, Senzeni na, mjomba akasema maana yake tumefanya nini, huwa wanauimba msibani. Mama alikuwa anamenya viazi, akaacha kisu.

Halafu ikaingia ambayo hata mi naijua. Mungu Ibariki Afrika, ila maneno siyo yetu. Mi na mdogo wangu tukasimama wima, mikono ubavuni, kama tuko mstarini asubuhi. Mama akaanza kucheka, akamwangalia kaka yake, akanyamaza, maana mjomba naye kashasimama. Betri zikaanza kufa, sauti zinavutika, zinakuwa nzito kama za wazee, na sisi tumesimama hivyo hivyo tunasubiri wamalize.