Klasta ya seva mbili: kuhama upesi, kurudi kwa mpango

Ofisi niliyoifanyia kazi hii iko Shimanzi, Mombasa, inashughulikia mizigo ya bandarini, na hifadhidata yake inakaa kwenye klasta ya Windows ya seva mbili, A na B: moja ikianguka, nyingine inapokea kazi. Kuhama kutoka A kwenda B hakukunisumbua. Kazi ilikuwa kwenye kurudi A ikishapona.

Hifadhidata haihami ikiwa hai. Inazimwa upande mmoja na kuwashwa upande wa pili, na kila karani aliyekuwa akiingiza data anakatika. Kwa hiyo kurudi nako ni kukatika, tena mara ya pili. Umeme ukiwa wa kuja na kupotea, seva A itawaka, ipokee huduma hiyo ya hifadhidata, izimike tena. Ndiyo maana sikuruhusu huduma irudi papo hapo.

Kwenye sifa za huduma, kwanza niliweka alama kwa seva A kama mwenyeji anayependelewa. Bila hiyo, ruhusa ya kurudi haifanyi kitu. Kisha, kwenye kichupo cha Failover (mipangilio ya kuhama na kurudi), niliruhusu kurudi kati ya saa 2 na 4. Hapo kuwa macho: kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa nane usiku yetu ni 2. Ukiandika 8, huduma itahama saa mbili asubuhi, makarani wakiwa ndio wanaketi.

Kichupo hichohicho kina kikomo cha kuanguka. Kwa seva mbili, kama kilivyokuja, ni mara 1 kwa saa 6. Ikianguka tena ndani ya muda huo, huduma inaachwa chini hata kama seva ya pili ni nzima. Nikaweka 3. Zaidi ya hapo sishauri, maana huduma yenye faili bovu itarukaruka usiku kucha huku kasoro yenyewe imejificha.

Shahidi wa kura, yaani kura ya tatu inayoamua seva ipi iendelee zikipoteana, ni folda ya pamoja kwenye kompyuta ya tatu, yenye UPS yake (betri ya akiba umeme ukikatika).

Kwa majaribio, amri ya kuigiza hitilafu itaiwasha huduma palepale ilipo, kwani kawaida inajaribiwa kuwashwa upya mara 1 ndani ya dakika 15 kabla ya kuhama. Irudie mara ya pili ndipo ihame. Baada ya hapo nikachomoa waya wa umeme wa seva A, nikaurudisha, na kusogeza dirisha la kurudi hadi saa iliyofuata, nisikeshe hadi saa nane kuona kama inarudi.