Hii Siyo ya Kilo

Jumamosi. Nimerudi saa nane mchana, nina grisi mpaka kwenye nyusi, na jiliwa, kile kibano cha mezani cha kushikia chuma, sina. Naandika kabla sijaoga, maana nikishaoga nitaanza kujitetea.

Mwanzo wa yote ni hilo jiliwa. Fundi aliyenifundisha kushika tupa, sasa ni marehemu, alikuwa na jiliwa la Record No. 3 la Sheffield, Uingereza, taya inchi nne, rangi yake ya buluu imebaki pembeni tu kama mabaka. Kazi ukiibana pale haichezi. Alipofariki ndugu walikuja wakagawana vitu, na mimi si ndugu. Nikaenda dukani nikanunua jiliwa jipya, linang'aa, zuri kwa macho. Mwezi wa pili nikabana bomba la inchi moja, nikasikia tak! Taya likabaki mkononi. Pale lilipokatikia palikuwa na vitundu vitundu kama mkate wa boflo. Tangu siku hiyo Jumamosi zangu zinaishia kwenye yadi za vyuma chakavu, na Mungu anajua nimeshapita ngapi, Buguruni, Vingunguti, mpaka huko Tandale.

Yadi si kama Gerezani, kule sokoni kwa vifaa vya mtumba. Gerezani kifaa kimeshasuguliwa kutu, kimepigwa rangi, muuzaji anajua anauza nini na bei imeshaamka. Yadini kila kitu ni kilo. Mikokoteni inaanza kuingia saa kumi na mbili asubuhi: mafriji bila milango, vitanda vya chuma, ngoma za breki, bloku za injini, mabati, baiskeli ya mtoto. Mzee wa mizani hapokei mifuniko ya mitaro wala vibao vya barabarani. Akiviona anafukuza mtu na mkokoteni wake, hataki kuamkia kituoni. Vingine vyote vinapandishwa, vinasomwa, vinarushwa kwenye lundo. Jioni lori linapakia, safari ya kiwandani, vikayeyushwe vitoke nondo. Kwa hiyo ukiona kitu leo, kesho usikitafute.

Naingia na nyundo ndogo, kipande cha tupa na glovu. Glovu nilizinunua baada ya bati kunichana kiganja na kwenda kuchomwa sindano ya pepopunda, na hiyo ni hadithi fupi. Nyundo ni ya kusikilizia. Chuma cha kusubu, kile kinachoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kikiwa kizima, ukikigonga kinalia kama kengele. Kikiwa na ufa kinalia kama debe bovu, hata kama ufa wenyewe huuoni kwa kuwa umezibwa na rangi. Usijidanganye kwamba utakichomelea. Kuchomelea chuma cha kusubu kunataka ukipashe moto kwanza na utumie vijiti vyake maalumu. Ukikichoma kwa vijiti vya kawaida kinapasuka tena pembeni mwa ulipochoma, mara nyingine kabla hakijapoa. Tupa nayo naitumia kwenye springi za malori. Iking'ata kwa shida, hicho ni chuma kigumu, utapata patasi nzuri. Kwenye jiliwa, shika mpini uzungushe taratibu: mpini ukienda nusu mzunguko na taya bado limelala, nati imelika, na utahitaji mkerezaji wa kukukatia nyingine.

Lakini hayo yote ni rahisi. Kazi ngumu ni uso. Vijana wa yadi hawajui Record ni nini, ila wanajua kusoma nyuso kuliko mganga. Chuma kikiwa kwenye lundo kina bei ya kilo. Ukikiokota, ukakigeuza, ukakifuta vumbi kwa kidole, umekwisha. Hapo hapo kimeshakuwa kifaa. "Hiyo siyo ya kilo, bosi." Nimejifunza kuokota mabomba mawili ya ovyo na kukichomeka kitu changu katikati, huku naongelea mpira. Simba ikiwa imefungwa, bei inapanda, sijui kwa nini.

Hasara zangu nazo niziandike. Mwaka juzi nilinunua grenda ya mtumba kutoka Japani. Aliyeniuzia aliapa kwa mama yake mzazi kwamba ni nzima, na kweli ilikuwa nzima. Kibao chake kiliandikwa volti 100, nikakisoma kwa macho yangu haya, nikakata ile plagi yake ya ncha mbili bapa nikafunga ya kwetu. Umeme wetu ni volti 230. Ilizunguka kwa kasi ambayo sijaiona tena kwenye grenda yoyote, sekunde kumi hivi, kisha ikatoa moshi mweupe kama wa Vatikani Papa akishachaguliwa. Nina mota pia, ya fezi tatu, niliyoipata kwa bei ya kutupa. Nyumbani kwetu nguzo inatuletea fezi moja. Hiyo mota imekaa chini ya ngazi, Neema anaikalia akivaa viatu vya shule.

Iliyoniuma zaidi sikuinunua. Ilikuwa meza ya mashine ya useremala, chuma kizito, kibao chake kinasomeka: Kilimanjaro Machine Tools, kile kiwanda cha Hai kilichojengwa kwa msaada wa Bulgaria. Mashine ya kutengenezea vitu, na yenyewe imetengenezwa hapa hapa nchini. Nilisimama pale kama mtu aliyekutana na mwalimu wake wa darasa la kwanza stendi ya mabasi. Fedha ya kuinunua nilikuwa nayo, ya lori la kuibeba sikuwa nayo. Nikasema Jumamosi ijayo. Jumamosi ijayo pale palikuwa na alama nne tu kwenye mchanga, miguu ilipokuwa.

Sasa ya leo. Mama Neema alishanipa hadi mwisho wa mwezi. Tangi la maji linakuja na mahali pa kuliweka hapapo. "Baba Neema," aliniambia, hana hata hasira, "hapa ni yadi tu, kilichobaki ni mizani." Nikatazama nyuma ya nyumba kwa macho yake. Nikaona aliyosema.

Basi asubuhi nimekodi guta. Nikapakia ile grenda, fremu ya jenereta, mashoka bila mipini, jeki inayovuja, na keekee ya mkono ya zamani ya kutobolea, ile ya gia mbili na mpini wa mti, ambayo niliinunua kwa kilo miaka mitatu iliyopita. Gia zilikuwa zimeshikana. Niliilaza kwenye mafuta ya taa wiki nzima, haikusogea, nikaisahau. Mota nimeibakiza. Neema atakalia nini?

Njiani guta lilitumbukia kwenye shimo na vitu vikamwagika barabarani. Tukaokota, tukaendelea. Yadini nikawa, kwa mara ya kwanza, mtu wa upande wa pili wa mizani: kilo 61, shilingi 700 kwa kilo. Nilihesabiwa elfu arobaini na mbili na mia saba. Kijana akaanza kurusha vitu kwenye lundo kimoja kimoja, fremu, jeki, mashoka. Alipofika kwenye keekee akashika mpini, labda kwa mchezo tu, akazungusha.

Krrrrr.

Gia zilikuwa zimeachiana. Nadhani ni lile shimo. Akazungusha tena, akaitazama ncha inavyokwenda mviringo bila kuyumba, kisha hakuirusha. Akaiweka juu ya tofali, peke yake.

Nilikuwa na fedha mkononi na guta limeshaondoka. Nikasogea. Nikaiokota keekee, nikaigeuza, nikafuta vumbi kwa kidole.

"Hii bei gani, mdogo wangu?"

Hakuitazama keekee. Alinitazama usoni.