Namna ninavyomtunza Popi, mbwa wangu mwenye ugonjwa wa moyo

Popi ni mbwa mdogo mweupe, jamii ya Maltese, na umri umeshamwendea. Alianza kukohoa usiku, kikohozi kikavu kama cha mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Daktari wa mifugo alisikia mvumo moyoni, akaagiza eksirei na ultrasaundi. Ikaonekana vali ya upande wa kushoto imechakaa, haifungi sawasawa, damu inarudi nyuma. Moyo umetanuka na maji yameanza kuingia kwenye mapafu. Mbwa wadogo wakizeeka, huu ndio ugonjwa wa moyo unaowapata zaidi.

"Dada, vidonge haviponyi hii," akaniambia, "lakini anaweza kuishi vizuri." Alimwandikia furosemaidi ya kutoa maji na pimobendani ya kuusaidia moyo kusukuma damu. Hiyo ya pili namtilia mdomoni tumbo likiwa tupu, saa nzima kabla ya chakula, asubuhi na jioni. Furosemaidi inamkojoza mno, basi maji hayakauki bakulini na mlango wa uani nafungua hata usiku wa manane. Mama mkwe alishauri tumpunguzie maji. Nilikataa kwa heshima, maana mbwa anayemeza dawa hii akinyimwa maji huumia.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni kuhesabu pumzi zake akiwa amelala fofofo. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni moja. Nahesabu nusu dakika, nazidisha mara mbili, naandika kwenye daftari. Daktari alisema zisizidi 30 kwa dakika. Usiku mmoja wa Februari, joto la Dar es Salaam limepamba moto na umeme umekatika, zilipita 40. Nikarudia kuhesabu, zilezile. Wala hakuwa anakohoa! Sikungoja kuche. Alichomwa sindano ya kutoa maji, akawekewa oksijeni, na dozi yake ya vidonge ikaongezwa.

Dagaa wa chumvi na mabaki ya mchuzi haonji tena. Anakula chakula alichokichagua daktari, na kuku wa kuchemsha asiye na chumvi. Mkanda wa shingoni tumeuacha, anavaa wa kifuani. Tunatembea alfajiri kabla jua halijachomoza, na akisimama nami nasimama.

Kwa kuwa furosemaidi yaweza kuumiza figo, anapimwa damu kila baada ya miezi michache. Majibu ya mwisho yalikuwa mazuri. Daftari huwa naenda nalo, na daktari hulisoma kwanza kabla hajashika stetoskopu.